Lori la Haji na Basi la Mombasa, Asubuhi Moja

Kiwanjani, Isiolo
Alasiri, kabla hujarudi

Boru mwanangu,

Assalamu aleikum, na kama unasoma haya ukiwa umesimama, kaa kwanza. Najua hujawahi kupata barua kutoka kwangu. Miaka yote niliyokuwa mbali nilituma salamu kwa midomo ya madereva wengine, na madereva unawajua: salamu ikitoka Mombasa ni ng'ombe, ikifika Isiolo ni mbuzi. Safari hii naandika mwenyewe, kwa mkono wangu na darasa langu la nne. Ukiona herufi zimelala, ujue ni upepo wa huku kwetu, si mimi.

Wewe uko Rapsu, umeenda kumuaga mama yako, na utarudi jioni na ile pikapu ya vitunguu. Tutakula. Nitakutania kama kawaida, nitakuuliza kama mama yako bado anamwagilia mahindi huku akiyagombeza, na sitasema neno hata moja la haya ninayoandika. Mdomo wangu unaujua. Ukikutana na jambo zito unakimbilia kichekesho kama kuku anavyokimbilia uvunguni. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa jirani. Nikimaliza, barua nitaisukuma ndani ya kiatu chako. Uende kusini, uende kaskazini, kiatu utavaa.

Sitakuambia mambo ya kufua, na kula, na kupima oili. Kama mpaka leo hujui kupima oili, basi Haji Duba amekulisha bure.

Jambo lenyewe unalijua. Kesho asubuhi lori la Haji linapanga foleni pale baria, kwenye kizuizi cha polisi, liingie kwenye konvoi ya Marsabit, na wewe ndiye dereva wake. Kesho asubuhi hiyohiyo basi la Nairobi linaondoka, ndani yake kuna kiti chako, mbele ya kiti hicho kuna Mombasa, na Mombasa kuna ile kampuni kubwa iliyokwambia usipofika wiki hii nafasi anapewa mwingine. Mwaka haujaisha tangu Haji akupe usukani. Ndiyo kampuni yako ya kwanza, kama mtu anaweza kuita kampuni lori moja na duka moja la unga. Umeniuliza mara mbili: “Aba, niende ama nibaki?” Mara ya kwanza nilikupigia hadithi ya ngamia aliyepanda basi. Mara ya pili nilijifanya nimelala.

Sikuwa nimelala.

Haji mwenyewe alikuja hapa leo, ametoka tu msikitini. Nilikuwa nabandika pancha.

“Wario.”

“Haji! Karibu. Kalia hilo tairi, kiti kimevunjika mguu.”

Akakalia. Mtu tajiri kama yule, na kanzu yake nyeupe, juu ya tairi la mteja.

“Kijana wako anataka kuondoka.”

“Kijana wangu ni mtu mzima, Haji. Ana ndevu kukushinda.”

“Leo usinichekeshe. Ng'ombe wangu wako Marsabit, ndani ya boma la watu. Majani hakuna. Kila kukicha mmoja analala chini na hainuki. Dereva mwingine sina. Mwambie angoje.”

“Angoje mpaka lini?”

“Mpaka nipate mtu.”

“Wewe unatafuta mtu tangu Boru akichunga mbuzi.”

Alicheka bila kupenda. Halafu akaangalia mikono yangu, hiyo gundi na huo uchafu, akasema: “Ukimwambia abaki, atabaki. Anakuangalia wewe.”

Boru, hilo neno lilinikaa moyoni. Kwa sababu ni rahisi sana. Ni neno moja tu, “baki”, na wewe na ile heshima yako ungelibeba mpaka uzeeni. Na mimi natamani kulisema. Ndiyo ubaya wenyewe. Mimi ni shahidi mwenye njaa, na shahidi mwenye njaa hapelekwi mbele ya kadhi.

Unajua nyumba hii ikoje usipokuwemo? Hujui, huwezi kujua, kwa sababu kila ukiiona wewe umo. Ukiwa njiani huko Laisamis mimi hufungua redio hata ikiwa ni lugha nisiyoijua, mradi kuna mtu anasema. Nasema na matairi. Juzi nilimshika kijana mmoja wa baiskeli, pancha ndogo tu, tundu la mwiba, nikamsimulia safari yangu ya Kampala kuanzia Malaba mpaka kule wanakouza ndizi, mpaka akasema, “Mzee, gundi imekauka kitambo.” Nikamwambia gundi nzuri haina haraka. Alipoondoka nilibaki nimesimama barabarani na pampu mkononi.

Kwa hiyo nikisema baki, huo si ushauri. Ni mzee anaogopa nyumba yake. Na nikisema nenda, hapo pia usiniamini, maana nitakuwa natafuta la kutambia: “Mwanangu yuko Mombasa, ana gari la magurudumu kama jongoo.” Unajua ninavyopenda kutamba. Mji huu wote unaniita Wario Mombasa, na Mombasa yenyewe nilihama kitambo, tena kwa kufukuzwa na joto na msimamizi mmoja mwenye sauti ya kanga.

Basi acha ushauri. Nikuambie tu yaliyonipata, kwa mpangilio, bila chumvi. Sawa, na chumvi kidogo.

Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa hiyohiyo yako. Haji wakati huo hakuwa Haji, alikuwa Duba tu, na ndevu zake zilikuwa nyeusi kama oili chafu. Lori lake lilikuwa na pua ndefu, na milango ilifungwa kwa kamba. Tulipanda na unga, tukashuka na ng'ombe. Barabara ilikuwa na shifta, wale majambazi wa bunduki, wengi kuliko mawe, na askari wa konvoi walikuwa wakiomba dua kutushinda sisi. Nilikuwa dereva mzuri. Hapo siongezi kitu. Uliza mtu yeyote aliyebaki hai.

Na juu ya mabomba ya chuma yanayopita juu ya ng'ombe, pale wanapokaa wachungaji, alikuwa Ekai. Huyuhuyu Ekai wako. Usimwone leo ana mvi na anakohoa. Alikuwa Mturkana mwembamba kama fimbo yake, anatembea juu ya lori likiwa linakimbia kama mtu anayekwenda dukani. Wewe umeshazoea, kwa hiyo huoni ajabu yake. Lakini fikiria. Ng'ombe wamebanana, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule. Akianguka mmoja wenzake wanamkanyaga, na asipoinuliwa upesi ni nyama. Dereva haoni kitu. Anayeona ni mtu wa juu, na mtu wa juu hana mdomo wa kushinda injini. Basi anakugongea paa la kabini. Mara moja: taratibu. Mara mbili: kuna ng'ombe chini, simama. Mfululizo: kuna mtu chini, ama kuna risasi. Nilijua mkono wa Ekai kama ninavyojua kikohozi chako. Nilijua hata akigonga kwa hasira.

Halafu wiki moja tairi lilipasuka karibu na Archer's Post, na Duba akanigombeza mbele ya watu, sokoni, kana kwamba mimi ndiye niliyeng'ata hilo tairi. Alikuwa na makosa. Mpaka leo nasema alikuwa na makosa, na yeye mpaka leo anasema tairi lilikuwa jipya. Siku hizohizo alikuwepo mjini dereva wa matangi ya petroli, amevaa sare iliyopigwa pasi, amekaa hotelini anakunywa soda kwa mrija. Akanusa hewa, akaniuliza, “Ndugu, wewe ni dereva ama ni zizi?” Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Lakini siku ya tatu nilikuwa ndani ya gari lake, nashuka kusini. Nilikuwa nimekaa kwa Duba muda mfupi kuliko wewe.

Sikuaga. Niliona kuaga ni kujishusha. Ufunguo niliuacha kwenye mizani ya duka, upande wa mawe, nikaona hapo nimesema jambo kubwa.

Sehemu hii unaijua, maana Ekai huisimulia kila mnapolala njiani, na najua anaisimulia vizuri. Lori lilikuwa limeshapakiwa, limepangwa baria, na yeye amekaa juu ya magunia ya unga ananingoja. Hakuna aliyemwambia. Konvoi ikaondoka, lori letu likabaki. Akafikiri nimelala kupita kiasi ndani ya kabini, basi akagonga. Akagonga tena. Anasema aligonga mpaka kabini yenyewe ikamjibu, “Ingia, hakuna mtu.” Watu huanguka kwa kicheko. Mimi pia hucheka, hata ile ya kabini kujibu ni mimi niliyemwongezea. Lakini aliyekuja kumshusha ni Duba, kwa miguu, jua likiwa katikati ya kichwa. Mtu mzima alikaa juu ya magunia tangu alfajiri mpaka saa hizo, anamgongea mtu ambaye ameshapita Nanyuki. Hiyo si kichekesho. Ni sisi tu tumeifanya kichekesho ili tuweze kusalimiana.

Sasa sikiliza ya Mombasa, hii hujaisikia yote.

Nilipewa sare. Nilipewa viatu. Nilipewa msaidizi, Mtaita mmoja mpole, hasemi sana. Tangi limejaa petroli, lami nyeusi mpaka macho yanauma. Tukapita Mariakani, tukapita Voi, mimi naendesha kama bwana harusi. Baada ya Voi kidogo nikasimama. Nikateremka, nikachukua kipande cha bomba nyuma ya kiti, nikaenda nyuma, nikaanza kulizunguka tangi nikichungulia. Mtaita akateremka pia.

“Dereva, unatafuta nini?”

Nikamjibu kabla sijafikiri: “Ng'ombe ameanguka.”

Aliangalia tangi. Akaniangalia mimi. Akaangalia lile bomba mkononi mwangu. Boru, yule mtu asiyesema sana alicheka mpaka Mtito Andei, na tuliporudi yadi habari ilikuwa imefika kabla yetu. Wakanipa jina, Mchungaji wa Petroli. Walikuwa wakinipigia kelele getini, “Mchungaji! Leo umenywesha wangapi?” Nami nawajibu, “Wote wamekunywa, na wa mama yako pia.” Nilipendwa sana pale. Mimi hupendwa kila mahali kwa muda wa chakula kimoja.

Lakini sikuwaambia hili: nilikuwa nimesikia. Wallahi nilisikia paa likigongwa mara mbili, juu ya kichwa changu, wazi kabisa. Na niliendelea kusikia hivyo. Nikiwa peke yangu kwenye mteremko wa Sultan Hamud, nikiwa kwenye foleni ya kupakia, nikiwa nimelala chini ya gari. Lori la ng'ombe linanuka, linachelewa, linakuvunja mgongo, lakini kuna mtu juu yako anayejua kila unapokata kona. Kwenye tangi hakuna. Paa ni la jua tu. Nilikuwa nimeondoka kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja kuhusu harufu, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nitaikumbuka harufu yenyewe.

Usidhani nakuambia usiende. Ngoja. Mombasa ilinifundisha mambo. Nilijifunza kurudisha trela nyuma mpaka kwenye tundu la sindano. Nilifika Kampala, nilifika Kigali, nililala kwenye nchi ambazo chai wanakunywa kama dawa. Niliona treni imebeba magari, nikasema sasa dunia imelala kichwa chini. Kama ningebaki kwa Duba, ningekufa nikifikiri lami inaishia Isiolo kwa sababu dunia inaishia Isiolo. Kuondoka hakukuwa kosa. Nimekaa na jambo hili miaka, nimeligeuza kama tairi, nimelitafuta tundu, na tundu haliko hapo.

Tundu ni kwamba nilionja kuondoka nikaona ni dawa. Msimamizi wa matangi aliponisemesha vibaya, sikumjibu, sikumpeleka kwa mkubwa wake, sikungoja hata hasira ipoe. Nilikuwa nimeshajifunza njia. Nikaenda kampuni ya saruji. Huko gari lilikuwa bovu, nikaenda kwa Singasinga wa mbao. Kwa Singasinga chakula kilikuwa dengu kila siku, nikaenda kwingine. Kila mwaka sare mpya! Mama yako alikuwa akipanguza vumbi na mashati ya kampuni nilizoacha.

Na kila kampuni, mgeni hupewa lile gari lililowashinda wenyeji. Unalijua hilo, Haji pia alianza kukupa breki za kubembeleza. Unalala nalo, unalitukana, unalijifunza, na siku linapoanza kukutii, wewe umeshakasirika na mtu, umeondoka, na kule unakoenda unapewa bovu jingine. Boru, mimi niliyezunguka Afrika Mashariki yote nimeendesha mwaka wa kwanza tu. Nimeuendesha mara nyingi kuliko mtu yeyote mji huu. Mwaka wa tatu wa kampuni sijui una ladha gani. Nasikia mtu akifika huko wanamuuliza anapenda kwenda wapi. Wanamjua mtoto wake kwa jina. Akichelewa kurudi, kuna mtu anasimama getini anaangalia barabara. Mimi nilipochelewa waliandika jina la mtu mwingine kwenye ubao.

Lakini pia namjua mzee mmoja hapa Wabera, simtaji, aliyekaa kwa tajiri mmoja maisha yake yote, kwa uaminifu, kwa adabu, “ndiyo bwana”, mpaka tajiri akafa na watoto wake wakauza malori kwa vyuma. Siku hizi hukaa nje ya duka lilelile, na watoto wale hawamwamkii. Kwa hiyo kubaki nako si hirizi.

Unaona? Hata mimi sijui. Mtu amepita mpaka wa nchi nne na hajui.

Ninachojua ni cha mama yako, na hiki nakiandika polepole. Watu husema aliniacha akaenda kwa kaka zake Rapsu kulima. Nimewaacha waseme, maana inanifanya nionekane mtu aliyeonewa. Lakini siku aliyofunga mzigo wake mimi nilikuwa nimerudi kutoka kampuni ya sijui ya ngapi, nimekaa kitandani, namsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, unamjua. Halafu akasema, “Wario, wewe hukai hapa. Unaegesha tu.”

Nilikuwa na majibu matano ya kuchekesha. Nikamtolea moja. Hakucheka. Wewe ulikuwa mlangoni umeshika kibuyu, na wewe pia hukucheka, na ulikuwa mtoto wa kucheka.

Mguu uliotoka kwa Duba ndio uliotoka nyumbani. Ni mguu mmoja, mwanangu. Haukuwa na ubaya wa kwenda. Ulikosa tu adabu ya kugeuka nyuma na kusema, “Naenda, na hawa ninaowaacha wabaki na nini?”

Sasa turudi kwa kesho.

Baada ya Haji kusema lile neno lake, niliinamia tena ile pancha. Nilikuwa nakufikiria wewe. Nilikuwa naona jinsi utakavyokaa kitandani kesho alfajiri, upande huu begi, upande huu ufunguo wa lori. Ukienda, umewaacha ng'ombe wa mtu wafe Marsabit, na Ekai juu ya magunia, na utaibeba hiyo kama nilivyoibeba mimi. Ukibaki, umebaki kwa ajili ya ng'ombe. Si kwa kupenda kazi, si kwa kumpenda Haji, si kwa kuwa umefikiri. Na mwakani utamchukia Haji, na pengine na mimi. Hiyo si njia panda, hiyo ni mtego wa fisi. Mtu hawezi kuchagua maisha yake huku ng'ombe wenye njaa wanamtazama.

Nikamwambia, “Haji, mwanangu simwambii kitu. Lori nitalipeleka mimi.”

“Wewe?”

“Mimi.”

“Na hilo goti lako bovu?”

“Goti ni la klachi. Usukani unaendeshwa na kichwa, na kichwa changu hakijawahi kuteguka.”

“Wario, ulishawahi kuniachia ufunguo kwenye mizani.”

“Na ulipima ukaona una uzito gani?”

Hapo hakucheka. Alinitazama usoni mpaka akanitia aibu, na mimi si mtu wa aibu, unajua. Nikaacha utani. Nikamwambia, “Duba, nipe safari moja. Kupanda na unga, kushuka na ng'ombe. Utakuwa na nafasi ya kutafuta mtu.” Sikumwita Haji, nilimwita jina la zamani, lilitoka tu. Aliinuka, akajipangusa kanzu, ikabaki na duara jeusi la tairi pale nyuma, na sikumwambia. Akasema, “Nitaamini nikisikia injini.” Kwa Haji, hiyo ni ndiyo.

Kisha nikaenda kwa Ekai. Alikuwa anashona kiatu chake cha tairi. Nikamsalimu kwa Kiturkana.

“Ejok, Ekai. Kesho naendesha mimi.”

Hakuinua kichwa. “Safari hii utakuja, ama nibebe mkeka kabisa?”

“Nitakuja.”

“Nitabeba mkeka,” akasema.

Leseni yangu ni hai. Kila mwaka nimeihuisha kwa ubishi tu. Lile lori ni la leo, halina pua, lakini nimelisikiliza kila ukirudi nalo. Gia ya pili inakataa ukiwa na haraka, na breki inataka uikumbushe. Goti nitalifunga na kitambaa. Usije ukanihofia. Nilikuwa dereva mzuri, na sehemu hiyo ya hadithi zangu zote ndiyo ya kweli.

Kwa hiyo ukiamka, kitanda changu kitakuwa kimetandikwa na mimi nitakuwa nimeshafika baria. Ule ufunguo wa lori uliouning'iniza msumarini usiutafute. Uamuzi ni wako mtupu sasa, hauna ng'ombe ndani yake. Ukitaka Mombasa, basi liko pale pale. Lakini kabla hujapanda, pita dukani kwa Haji, mwambie kwa mdomo wako, akuone uso. Atakugombeza. Mwache amalize, kisha mpe mkono. Ukitaka kubaki, pita vilevile dukani, umwambie hilo pia, na umwambie unataka nini ili ubaki: breki, matairi, asikugombeze sokoni. Mtu anayebaki naye ana haki ya kusema. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani anayesema ni anayeondoka.

Na kama hujui bado, kaa siku mbili tatu humu ndani ufikirie. Kampuni kubwa ni kama basi, huja jingine. Hapo nimekupa ushauri, samahani, umeniponyoka.

Kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa sababu karatasi inaisha na haitanicheka. Kuna sababu nyingine ya kwenda kwangu. Siwezi kusimama steji nikaangalia basi linaondoka nawe. Nimeondoka mahali pengi, Boru, lakini kazi ya yule anayebaki amesimama pale sijawahi kuifanya, na nilijaribu leo asubuhi. Nilienda steji wakati basi la leo likitoka, nikasimama, nikajifanya namuaga mtu. Kulikuwa na mama mmoja anapungia kitambaa kijana wake. Nilirudi nyumbani kabla basi halijafika kona. Mama yako aliifanya kazi hiyo miaka yote, na wewe pamoja naye, na mimi ndani ya gari nilikuwa napiga honi kwa furaha.

Nitarudi na ng'ombe, inshallah, konvoi ikienda vizuri. Nitamkabidhi Haji ufunguo mkononi, nitatembea kutoka kule mpaka huku Kiwanjani, polepole kwa ajili ya goti, na kila nyumba itaniuliza habari za Marsabit nami nitawadanganya kidogo. Nikifika mlangoni nitajua kama uko ama umeenda, na lolote nitakaloliona, nitaingia ndani na nitakaa.

Kufuli la mlango lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili uko juu ya dirisha, ndani ya kopo la kahawa. Uchukue. Hata kama unaenda Mombasa, uchukue, uutie mfukoni, uzunguke nao huko kote. Kufuli sibadilishi.

Baba yako,
Wario